Uzito wa Maji

Kisima alikichimba baba, mwaka wa njaa ya pili.
Sururu mbili zilivunjika kwenye jiwe la matumbawe,
na maji yalipotoka, meupe kama tui la pili,
aliyaonja, akatema kidogo, akasema:
Haya yana uzito.
Mitengo nzima ikayajua kwa sifa hiyo.
Birika letu lilivaa ukoko mweupe kwa ndani.
Mama aliugonga kwa kisu kila Ijumaa,
vipande vikianguka kama maganda ya yai.
Hatukuuliza.

Sasa nina mabomba manane ya plastiki nyuma ya jiko,
nimeyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.
Figiri na saladi zimekaa humo kwenye vikopo vya mgando,
miguu majini, bila punje ya udongo.
Wapitao huniuliza kama nimeanza kufuga mboga.

Wiki ya tatu majani yakawa njano,
mishipa tu ikabaki kijani.
Nikanyanyua mche:
mizizi kahawia, imevaa ute,
inanuka tambara la deki lililosahauliwa ndooni.
Mche wa pili. Vilevile.
Miaka ishirini na sita nilikaa maabara, Ligula,
nikapima mikojo ya watu waliodhani siwajui,
na sikuwahi kukipima kisima cha nyumbani.

Karatasi ikatoka buluu.
Chokaa. Na chumvi kidogo, bahari haiko mbali.
Kaka yangu Hashimu aliitazama
kama hati ya mahakama.
"Unamwita baba mwongo?"
"Nayasema maji," nikajibu,
lakini sauti yangu yenyewe haikuniamini.

Somoe wa nyumba ya pili akashauri maji ya mabibo:
makali yale, yatakata chokaa,
na msimu huu mabibo yanaozea chini, nani atakudai?
Siku ya tatu povu likapanda hadi kwenye vikopo.
Nyuki. Sisimizi. Harufu ya uraka ua mzima.
Bwana mmoja apitaye akasimama, akauliza bei.
Mizizi yangu ikafa imelewa.

Nikaosha mabomba kwa jiki, nikasuuza, nikasuuza tena.
Nikaingoja mvua ya pili ya Desemba
(ya kwanza huosha bati, haifai),
nikakinga pipa, nikachanganya nusu kwa nusu na ya kisima.
Kisha unga wa ndimu, ule wa dukani:
kijiko cha chai, koroga, pima,
robo kijiko, koroga, pima,
mpaka buluu ikasalimu amri
ikawa njano ya bibo lisiloiva vizuri.
Asubuhi pima tena,
maana chokaa haishindwi mara moja,
hurudi usiku kama mdai.
Pipa nikalifunika gunia jeusi, mwanga usiingie,
na chini pampu ya tangi la samaki la mpwa wangu Mfaume
inayapumulia maji usiku kucha.
Umeme ukikatika naamka mimi,
nakoroga kwa mwiko, gizani, nusu nimelala,
kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake.

Jana Hashimu alikuja bila kubisha hodi.
Akainua kikopo kimoja, akakigeuza.
Mizizi ikaning'inia mieupe, mingi, imesafika
kama katani iliyochanwa.
Hakusema neno. Akachovya kidole pipani, akaonja.
"Mepesi," akasema,
kwa ile sauti ya kutoa pole.
Akaondoka na figiri mafungu mawili.

Nikainjika birika.
Chai yangu ni ya maji ya kisima, kama yalivyo,
na ukoko wake, na uzito wake wote.
Mimi si figiri.